Nilipanda lifti ya gari la halmashauri: miaka 33 ya ukaguzi wa hesabu za serikali, Mtwara na Lindi

Mkongwe wa Ligula

Wakuu, heshima kwenu.

Nilistaafu Juni 2021 baada ya miaka 33 kwenye ukaguzi wa hesabu za serikali, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa huku Kusini. Sikuwa mkubwa wa kujulikana. Nilikuwa mmoja wa wale watu wawili watatu wanaoingia halmashauri na mabegi yao, wanapewa chumba kimoja na meza mbili, na kuanzia siku hiyo sauti za koridoni zinashuka.

Kila mwisho wa Machi, CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akionekana kwenye televisheni anamkabidhi Rais vitabu, majirani zangu wananiuliza, "Mzee, mwaka huu kaliwa nani?" Wanaamini kazi yetu ni kukamata watu. Mkaguzi hakamati mtu. Anaangalia, anauliza, anaandika. Na ili aandike alichokiona, lazima awe huru. Nataka niwaeleze uhuru huo unaanzia wapi, maana watu wanaufikiria wa Dodoma tu, na mimi wangu niliupoteza kwenye kiti cha mbele cha Land Cruiser.

Ilikuwa mwaka 2004, halmashauri moja ya mkoa wa Lindi, sitaitaja. Tulitakiwa kwenda kata tatu za mbali kuona zahanati na shule. Gari letu la mkoa lilikuwa gereji Mtwara. Mkuu wa idara mmoja akatuambia, "Kaka zangu, gari lipo, dereva yupo, mnahangaika nini?" Tukapanda. Njiani tukasimamishwa kwa mama ntilie, wali wa nazi na samaki mkubwa wa kukaanga, tukaambiwa imeshalipwa. Tukala.

Nilikaa mbele. Ile mita ya kuhesabu kilomita ilikuwa imesimama tangu tunatoka asubuhi. Niliitazama tulipofika kata ya kwanza, nikaitazama tulipokula, nikaitazama jioni tunashuka. Namba ileile.

Wiki iliyofuata nilifungua daftari la safari la gari hilohilo. Safari yetu ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa, kilomita za kuanzia na za kumalizia, na jumla yake 412. Tulikokwenda na kurudi hakukufika 180. Dizeli ilikuwa imechukuliwa ya kilomita 412, na kwenye safu ya sababu ya safari imeandikwa: "Kuwapeleka wakaguzi."

Kalamu ilikuwa mkononi. Sikuandika hoja ya ukaguzi. Nilijiambia ni kiasi kidogo, nikajiambia kuna mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Ukweli ni kwamba nilikula samaki wa watu, na ulimi ukawa mzito. Ningemwulizaje yule mkuu wa idara habari ya safari ambayo abiria wake nilikuwa mimi?

Mwaka uliofuata alikwenda mwenzangu mwingine. Akakuta mtindo huo umeenea kwenye magari manne. Aliandika. Aliporudi ofisini akaniuliza kwa upole kama mimi sikuona. Nikamwambia niliona.

Tangu hapo nilisafiri kwa basi, na pale basi lisipofika nilikodi pikipiki kwa posho yangu. Chai nilibeba kwenye chupa. Wengi waliniona mtu wa maringo.

Ibara ya 143(6) ya Katiba inasema Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, katika kutekeleza kazi zake, halazimiki kufuata amri au maagizo ya mtu yeyote wala idara yoyote ya serikali. Ni maneno mazito na nimeyasoma mara nyingi. Lakini hakuna aliyeniamuru chochote siku ile. Nilikaribishwa tu.

---

Mkongwe wa Ligula

Naendelea. Kwa wasioijua kazi, mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Halmashauri, wizara na mashirika wana miezi mitatu ya kuandaa hesabu, mpaka 30 Septemba, kisha zinaletwa kwetu. Hapo ndipo kazi inachanganya. Msimu huo huku kwetu ndio wa korosho, wakulima wako mnadani, nyumba za kulala wageni zimejaa wanunuzi na wasafirishaji, na mkaguzi anatafuta chumba cha bei ya posho yake. Tunapita kwenye vocha za malipo, masurufu (fedha anazopewa mtumishi kwanza, kisha anarejesha stakabadhi), mikataba, leja za vifaa, taarifa za benki. Kila tunachokitilia shaka tunakiandikia hoja, afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, anapewa nafasi ya kujibu, akileta kielelezo cha kweli hoja inafungwa, asipoleta inabaki. Mwisho wa Machi CAG anampa Rais taarifa, na Rais anapaswa kuhakikisha inafika bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kuanza. Asipofanya hivyo, Katiba inamtaka CAG aipeleke mwenyewe kwa Spika. Huo mlango wa pili watu wengi hawaujui.

Na lile neno "Mdhibiti" si pambo. Kazi ya kwanza ya CAG ni kuhakikisha fedha haitoki Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini ya kisheria. Ukaguzi unafuata baadaye.

Nilipoanza mwaka 1988 hakukuwa na MUSE, huu mfumo wa malipo wa serikali wa kompyuta, wala namba ya malipo. Ilikuwa vitabu vikubwa vya leja, kaboni na mashine ya kujumlisha yenye mkanda wa karatasi. Taarifa tulizibeba mkononi mpaka Dar es Salaam. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 Mto Rufiji ulikuwa unavukwa kwa pantoni, na masika barabara ya Kibiti mpaka Lindi ilikuwa mateso. Nimewahi kulala siku tatu njiani nimekumbatia boksi la nyaraka, nimelifunika kwa turubai huku mimi mwenyewe nalowa. Nyaraka zikilowa umepoteza kazi ya miezi minne. Wewe utakauka.

Sasa kisima.

Hiki pia kilikuwa mkoa wa Lindi, bondeni si mbali na mto. Mkataba unasema mita 60, malipo kwa mita, yamelipwa yote. Cheti cha kukamilika kazi kimesainiwa na watu watatu. Kwenye karatasi hakuna doa. Tulikwenda na bodaboda mbili. Tukakuta bomba la plastiki limechomoza kwenye saruji, limefunikwa kwa kifuniko, pampu haijafungwa bado. Nilikuwa na kamba ya katani niliyoinunua sokoni na jiwe la ukubwa wa ngumi. Nikafunga jiwe, nikaweka fundo kila mita moja, nikashusha taratibu huku mwenyekiti wa kitongoji anahesabu mafundo kwa sauti na watoto wanamfuatisha. Ishirini na sita, ishirini na saba. Kamba ikalegea.

Mwenyekiti akanyamaza. Watoto wakaendelea na ishirini na nane, hawajui kama hesabu imekwisha.

---

Mhasibu Kusini

Mzee wangu, nakuheshimu lakini nami niseme. Niko halmashauri mwaka wa 14. Kwanza kisima kinaweza kuporomoka ndani, mchanga ukajaa, kamba yako ikaishia juu. Pili, nyie mnakuja wiki sita mnataka nyaraka ya miaka mitatu ndani ya siku mbili. Mimi nina vocha maelfu, stoo inavuja, mtunza kumbukumbu ni mmoja. Vocha ikikosekana mnaandika "malipo yasiyo na viambatanisho" na jina langu linasomwa baraza la madiwani kama mwizi. Tatu, hao wakaguzi tuliowalisha na kuwabeba ni wengi. Usijifanye ulikuwa peke yako.

---

Mkongwe wa Ligula

Mdogo wangu, umesema kweli kwenye yote matatu, ngoja nijibu.

Kuhusu kisima, hilo la kuporomoka ndilo jibu alilotupa mhandisi, na tulilichukua kwa uzito. Kwa hiyo hatukuandika kwamba mita 33 zimeibwa. Tuliandika kwamba kina kilichopimwa ni mita 27 dhidi ya 60 zilizolipwa, tukaomba taarifa ya uchimbaji, ile inayoandikwa na mchimbaji kila anaposhuka: mita hii udongo mwekundu, mita hii mfinyanzi, mita hii mwamba, na idadi ya mabomba yaliyoingia. Kisima cha mita 60 kinakula mabomba ya mita 60. Ile taarifa haikuletwa, na hati ya mapokezi ya mabomba haikuletwa. Hoja ikabaki wazi. Hiyo ndiyo tofauti ya kuandika ulichokiona na kuandika unachokidhani, na nimefundisha vijana wengi hilo kwa kutumia kamba ileile.

Kuhusu jina lako kusomwa barazani, hapo nakuonea huruma kwa dhati. Nimeona wahasibu wazuri wakibeba mzigo wa maagizo ya mdomo. Bosi anasema "lipa, karatasi zitafuata", karatasi hazifuati, mkaguzi anafika, aliyesaini vocha ni wewe. Kama kuna kitu kimoja ningependa mhasibu kijana akishike, ni kuomba agizo hilo kwa maandishi, hata dokezo la mistari miwili kwenye faili. Mara mbili katika maisha yangu nimeona dokezo la namna hiyo likimwokoa mtu na kesi.

Lakini nyaraka iliyopotea na nyaraka ya kubuni hatuzioni sawa, na wewe unajua. Nimewahi kushika stakabadhi nne za masurufu ya semina moja: ya chakula, ya ukumbi, ya shajala, ya usafiri. Maduka manne tofauti, mihuri minne tofauti. Namba za stakabadhi zilikuwa zinafuatana, na herufi "g" kwenye zote ilikuwa na mkia mrefu unaorudi kushoto. Nilizipanga mezani moja chini ya nyingine, nikamwita mhusika, nikamwomba aandike tu neno "gharama" kwenye karatasi. Hakuandika. Alikaa akiangalia mikono yake.

Kuhusu kulishwa, sikujifanya peke yangu. Nilieleza langu kwa sababu ni langu.

---

Mkulima wa Tandahimba

Shikamoo mzee. Mimi sina elimu ya mahesabu ila nina mikorosho. Swali langu, hawa wakaguzi wa serikali mbona kwenye vyama vyetu vya msingi hatuwaoni? Makato kila mwaka, ukiuliza unaambiwa hesabu zimekaguliwa. Zimekaguliwa na nani? Mkutano mkuu wanasoma haraka haraka, tunaitikia, tunaenda kula.

---

Mkongwe wa Ligula

Marahaba kaka. Hili ni swali ambalo huku kwetu lingetakiwa lijulikane kama majira ya kupulizia salfa.

AMCOS, yaani hivyo vyama vyenu vya msingi, si mali ya serikali, ni yenu wanachama. Kwa hiyo CAG haanzii hapo. Ukaguzi wa vyama vya ushirika ni kazi ya COASCO, shirika lililoanzishwa mwaka 1982 kwa ajili hiyo. Chama kikuu, MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, nacho kiko upande huo wa ushirika. CAG anaingia pale fedha inapokuwa ya umma: ushuru wa mazao unaokwenda halmashauri, ambao tangu mwaka 2017 kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, na Bodi ya Korosho, kwa sababu ni chombo cha serikali. Ule ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, ambao asilimia 65 yake ilikuwa irudi kwenye zao mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2018, nao ni fedha ya umma.

Kwa hiyo kilo moja ya korosho yako, tangu inapopimwa ghalani mpaka inapopanda meli bandarini Mtwara, inapita kwenye mikono ya wakaguzi tofauti, na kila mmoja anaona kipande chake. Mimi nikikagua halmashauri naona ushuru ulioingia. Nikitaka kujua kama ndio wote, lazima nipate kilo zilizouzwa mnadani. Nilikuwa nachukua takwimu za mnada, nazidisha kwa bei ya siku ile, nachukua asilimia ya ushuru, kisha nalinganisha na kilichoingia benki. Hesabu ya darasa la saba, lakini imetoa hoja kubwa kuliko kompyuta nyingi.

Na ule mkutano mkuu kaka, usiitikie. Una haki ya kuiona taarifa ya ukaguzi wa chama chako kabla ya kuipitisha. Omba isomwe ukurasa wa makato peke yake, polepole, na mwanao aliyemaliza kidato cha nne akae pembeni yako anaandika.

---

Binti Nanguruwe

Shikamoo mzee. Nimesoma uzi wote. Unasema uhuru unaanzia kwenye samaki, sawa. Ila Profesa Assad, aliyekuwa CAG, hakula samaki wa mtu na bado aliondoka. Huo uhuru wa Katiba ulikuwa wapi? Halafu kingine, halmashauri yetu wanatangaza kila mwaka "tumepata hati safi", zahanati haina hata panadol. Hiyo hati safi ni ya nini?

---

Mkongwe wa Ligula

Marahaba mwanangu. Nilijua swali hili litakuja, na nimelala nalo usiku mmoja kabla ya kujibu.

Tuanze alikotoka. Kabla yake alikuwapo Ludovick Utouh, tangu 2006 mpaka 2014. Wakati wake ndipo ilipokuja Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008, na ndipo nchi nzima ilipojifunza neno EPA, akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu, na zile shilingi bilioni 133 zilizochotwa humo. Kuanzia 2012 mpaka 2018 Tanzania ilikuwa kwenye Bodi ya Wakaguzi ya Umoja wa Mataifa, ofisi yetu ikikagua hesabu za dunia. Sisi wa mikoani tulijivunia sana. Mtu uliyekuwa naye Masasi mnahesabu mifuko ya saruji, unasikia yuko New York.

Mwishoni mwa 2014 Rais Kikwete akamteua Profesa Mussa Assad, mwalimu wa uhasibu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aprili 2018 ikatoka taarifa ya mwaka 2016/17, na mbunge Zitto Kabwe akaibua tofauti ya shilingi trilioni 1.5 kati ya makusanyo na matumizi. Serikali ikatoa maelezo yake, mjadala ukawa mkali. Kisha Profesa, akihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa, akasema kwamba taarifa zikionyesha ubadhirifu na hatua zisichukuliwe, huo ni udhaifu wa Bunge. Spika Ndugai akamwita mbele ya Kamati ya Maadili, Januari 2019. Profesa alieleza kwamba "udhaifu" ni neno la kawaida la wakaguzi, na mimi nathibitisha, nimeliandika kwenye hoja mara zisizo na idadi: udhaifu katika usimamizi wa stoo, udhaifu katika ukusanyaji wa mapato. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa na mhasibu mmoja tunapitia majibu ya hoja. Redio ikatangaza. Akafunga faili taratibu, akaniuliza, "Sasa nyie mnamfanyia kazi nani?" Hakuwa na kejeli, aliuliza kweli. Nikamwambia tuendelee na hoja namba tisa. Mikono ilikuwa inanitetemeka kidogo. Mwezi huohuo taarifa ya mwaka ikawasilishwa bungeni kama kawaida, kwa sababu inakwenda pale kwa amri ya Katiba.

Novemba 2019 Profesa akaambiwa miaka yake mitano imekwisha, nafasi akapewa Charles Kichere. Hapa ndipo penye sheria. Katiba, ibara ya 144, inazungumzia umri wa kustaafu, na inaweka utaratibu mgumu wa kumwondoa CAG kabla ya umri huo. Sheria ya 2008 inataja miaka 65. Lakini kifungu cha 6(1) cha sheria hiyohiyo kilisema muda ni miaka mitano, unaoweza kuongezwa mara moja. Profesa alikuwa na miaka 58. Zitto Kabwe akaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2022 Mahakama ikasema kifungu kile kinapingana na Katiba na kuondolewa kule hakukuwa halali.

Miaka mitatu, mwanangu. Haki ilifika akiwa ameshakwenda kuongoza Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Nilifurahi kwa ajili ya atakayekuja, na nilihuzunika kwa ajili yake, na mpaka leo vyote viwili vimekaa pamoja. Mkaguzi mkuu anayejua kwamba mwaka wa tano barua yake inaweza kuandikwa au isiandikwe, mwaka wa nne ataandikaje? Ni kiti kilekile cha mbele cha Land Cruiser, kimepelekwa juu tu. Hata asipotishwa na mtu, anajua nani ana funguo za gari.

Kuhusu hati safi. Kuna hati inayoridhisha, ambayo ndiyo mnaita safi, kuna yenye shaka, kuna isiyoridhisha, na kuna mkaguzi kushindwa kabisa kutoa maoni. Zote zinajibu swali moja: je, hesabu zilizoandaliwa zinaonyesha hali halisi ya fedha, kwa viwango vya IPSAS, vile vya kimataifa vya hesabu za umma, bila kosa kubwa? Basi. Kama halmashauri ilipanga dawa za milioni 200, ikapata milioni 40, ikanunua za milioni 40 na kuandika milioni 40, hati ni safi na zahanati haina dawa. Kama fundi ameezeka darasa kwa bati la geji 30 na mkataba unasema geji 28, hasara ya jengo moja inaweza isifikie kiwango cha kuchafua hati ya halmashauri nzima. Lakini itakuwa imeandikwa ndani ya kitabu, kwenye jedwali, na kata yenu imetajwa. Diwani anayetangaza hati safi amesoma ukurasa mmoja. Soma wewe zinazobaki. Ziko kwenye tovuti ya ofisi, kila mwaka, bure.

---

Chuno22

Mzee shikamoo, mimi nasoma TIA, chuo cha uhasibu, hapa Mtwara mwaka wa mwisho. Nataka kuwa mkaguzi wa serikali. Nianzie wapi?

---

Mkongwe wa Ligula

Marahaba. Maliza, jisajili NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, kaa mitihani yao ya CPA mapema kabla hujaoa. Nafasi zinatangazwa Sekretarieti ya Ajira, fuatilia tovuti yao. Na jifunze kuongea na watu wa vijijini, kukaa nao chini na kula ming'oko yao kwa hela yako. Mzee asiyejua kusoma anaweza kukuambia tarehe ambayo tripu ya mwisho ya mchanga ilishushwa, kwa sababu ndiyo siku mbuzi wake alizaa. Kompyuta haina hiyo.

---

Mama wa Mtama

Baba yangu, shikamoo. Nimesomewa na mwanangu na yeye ndiye anaandika. Mwaka 2019 walikuja watu kwetu wanauliza kikundi cha wanawake cha kuku, kimekopeshwa na halmashauri. Jina langu lilikuwemo, saini pia ipo. Mimi kuku ninao wanne wa kwangu. Walioniuliza waliandika wakaondoka. Mpaka leo sijui iliishia wapi, na naogopa siku moja wataniletea deni.

---

Mkongwe wa Ligula

Marahaba mama. Pole sana, na ahsante kwa kueleza. Hiyo ni mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Vikundi hewa ni moja ya hoja nilizokutana nazo mara nyingi miaka yangu ya mwisho. Nimekaa na mama kama wewe, nikamwonyesha saini yake, akaniambia, "Baba, mimi natia dole gumba tangu nizaliwe." Alama ya dole gumba haikuwepo popote kwenye mkataba.

Deni hilo si lako kama hukusaini wala hukupokea. Fanya hivi. Nenda na mwanao kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, omba kwa barua kuona mkataba wa kikundi na akaunti ya benki iliyopokea fedha. Waliofungua akaunti wana vitambulisho na picha. Kaa na nakala ya barua yenye muhuri wa mapokezi. Wasipokupa, peleka nakala hiyo TAKUKURU ya wilaya. Na ile hoja ya 2019, kama haikufungwa, itakuwa inajirudia kwenye taarifa za miaka iliyofuata chini ya hoja za nyuma ambazo hazijatekelezwa. Mwanao aitafute humo.

---

Mama wa Mtama

Ahsante baba. Mwanangu anasema kuna na kisima hapa kitongojini kwetu, kimefunikwa tangu mwaka juzi, hakijatoa maji. Wanasema mita 70. Tunaweza kukipima sisi wenyewe?

---

Mkongwe wa Ligula

Msikifungue peke yenu, mama. Mwombeni mwenyekiti wa kijiji awepo, na mtendaji, na muandike majina ya waliohudhuria. Mimi nina ndugu Mtama, Jumamosi napanda basi la asubuhi kutoka Mtwara. Jiwe tutaokota hukohuko. Kamba ninayo.